Namba 2,147,483,647: Kuisoma, Kuigawanya na Kuieleza kwa Kiswahili

Katika somo la tafsiri wanafunzi wetu hukutana na matini za kila aina: hotuba, mikataba, taarifa za afya, habari za michezo. Mara nyingi kinachowakwamisha si msamiati wa siasa wala methali, bali namba ndefu iliyokaa katikati ya sentensi. Wao huivuka kwa kuiandika kwa tarakimu kama walivyoikuta, na tatizo huachiwa yule atakayetakiwa kuisoma kwa sauti. Kwa sababu hiyo katika toleo hili tumeona tuchukue namba moja tu, 2,147,483,647, tukae nayo mpaka tuielewe. Hatukuiokota njiani. Ina historia ya zaidi ya miaka mia nne, imo ndani ya kompyuta tunazotumia, na karibu kila sifa yake inatudai neno la Kiswahili ambalo ama tunalo na hatulitumii, ama tunalitumia kwa maana mbili.

Tuanze na kuitamka. Hapa Uganda, kama ilivyo Kenya na Tanzania, tutasema: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Msemaji wa Lubumbashi au wa Bujumbura ataanza na miliari mbili. Neno lake limetokana na Kifaransa, ambamo namba yenye sufuri tisa ina jina lake, na lile neno la Kifaransa linalofanana na bilioni yetu lina sufuri kumi na mbili. Waingereza nao walikuwa na hesabu hiyo ya sufuri kumi na mbili hadi mwaka 1974, serikali yao ilipotangaza kufuata ile ya Wamarekani, ambayo ndiyo tuliyonayo sisi leo. Kwa mfasiri wa ukanda wa Maziwa Makuu jambo hili si la mapambo. Akiiona miliari na kuigeuza milioni kwa kuwa masikioni yanafanana, amepunguza fedha za watu mara elfu moja. Akilichukua neno la Kifaransa lenye sufuri kumi na mbili na kuliandika bilioni, amefanya vivyo hivyo, tena bila hata kushukiwa. Ushauri wetu ni kwamba katika matini inayovuka mpaka tarakimu ziandikwe pamoja na maneno, na sufuri zihesabiwe kabla ya neno kuchaguliwa.

Sehemu ya katikati ya namba yetu ina mtego wa nyumbani. Elfu mia nne themanini na tatu haina utata kwa kuwa imefuatwa na mia sita. Lakini mtu akikuambia elfu mia nne na tatu, amekusudia 403,000 au 400,003? Kwa maandishi alama ya mkato ingesaidia. Kwa mdomo hakuna. Wenye lugha wana njia mbili za kuondoa utata huu. Ya kwanza ni kutanguliza hesabu na kumalizia kwa elfu: mia nne na tatu elfu. Ya pili ni kutumia laki: laki nne na elfu tatu. Wapo walimu wanaoliona neno laki kuwa la sokoni mno kwa matumizi ya darasani. Sisi tunaona kinyume chake, kwa sababu neno linaloondoa utata kwa silabi mbili lina haki zote za kuingia darasani. Mwanafunzi aliyelelewa katika Kiganda atakuwa na kazi ya ziada, maana kipimo chake cha katikati ni omutwalo, yaani elfu kumi. Kwake 483,647 ni mitwalo arobaini na minane na mabaki yake, na humbidi azipange upya tarakimu kichwani kabla ya kufungua kinywa.

Upatanisho wa kisarufi nao unastahili kutazamwa. Tunajua kwamba moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hufuata ngeli, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Sasa sema watu 2,147,483,647. Mbili ya mwanzo haiwi wawili, kwa kuwa inahesabu bilioni, haihesabu watu. Tatu iliyo katika themanini na tatu haiwi watatu, kwa kuwa inahesabu elfu. Tarakimu ya mwisho peke yake ndiyo inayowagusa watu wenyewe, nayo kwa bahati ni saba, isiyobadilika. Kwa hiyo namba hii hutamkwa namna moja ikiwa tunahesabu watu, vitabu, miti au magari. Ongeza mmoja tu, watu wafike 2,147,483,648, na mwisho wake utakuwa arobaini na wanane, vitabu arobaini na vinane, miti arobaini na minane. Huu ni mfano mzuri wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba kiambishi hufuata kile kinachohesabiwa, wala hakifuati nomino iliyo karibu tu.

Na kabla hatujaondoka kwenye majina, itazame safari iliyomo: mbili, tatu na nne ni za Kibantu, sita, saba, arobaini, themanini, mia na elfu zimetoka katika Kiarabu, laki imetoka Bara Hindi, milioni na bilioni zimetoka Ulaya. Saba ya Kibantu iliyosukumwa kando haikufa kabisa. Bado tunaisikia katika fungate, siku saba za maharusi, ingawa wanaokwenda fungate leo hawafikirii kwamba wanataja namba.

Tuje sasa kwenye namba yenyewe. Hesabu inayoiunda ni ndogo kiasi kwamba mtoto anaweza kuianza. Chukua bao lenye mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, liwe bao la Waswahili wa mwambao au omweso wa huku kwetu. Mchezo wenyewe una kete 64 tu, ila kwa kazi hii tuseme tuna ghala ya kete isiyokwisha. Tia kete moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, na kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Ukimaliza shimo la 31, kete zote zilizomo baoni ni 2,147,483,647 kamili. Shimo la 32, zamu yake ikifika, litapokea 2,147,483,648, yaani kete moja zaidi ya jumla ya mashimo yote yaliyotangulia. Asiyeamini ajaribu na mashimo matatu: 1 na 2 na 4 ni 7, na shimo linalofuata ni la 8. Kwa hiyo namba yetu ni mbili kwa kipeo cha 31, toa moja, na kwa alama huandikwa 2³¹ − 1.

Itazame pamoja na majirani zake wawili. Jirani wa juu, 2,147,483,648, ameundwa kwa mbili tupu, mbili thelathini na moja zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe. Jirani wa chini, 2,147,483,646, ana nyumba iliyojaa, kwani ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Namba yetu, iliyo katikati yao, haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Vitabu vya hisabati vya shule za msingi za Tanzania, ambako somo hilo hufundishwa kwa Kiswahili katika shule za umma, huiita namba ya namna hii namba tasa.

Hapa tusimame kidogo kwa ajili ya istilahi. Tasa ni neno zito. Kwa mwanamke ni neno la kuumiza, na wapo wanafunzi wanaouliza kama halikupatikana jingine. Lakini picha yake katika hisabati ni wazi na haimgusi mtu: namba isiyozaliana, isiyotoa vigawo. Limezoeleka, lina watumiaji wengi, na hatuoni faida ya kuliacha. Tatizo kubwa zaidi liko kwa jozi ya kigawo na kigawe. Saba ni kigawo cha 28. 28 ni kigawe cha saba. Kilicho kidogo humgawa kikubwa, na kikubwa ndicho kinachogawika. Herufi moja ya mwisho ndiyo tofauti yote, na tumeona tafsiri ambamo maneno haya yamebadilishana nafasi ndani ya aya moja. Shufwa na witiri hazina shida hiyo. Shufwa ni namba inayogawanyika kwa mbili bila baki, na witiri ni ile isiyogawanyika hivyo. Waislamu wanaijua witiri kwa sala ya usiku yenye jina hilo, ambayo rakaa zake huwa moja, tatu, tano na kuendelea hivyo. Namba yetu, basi, ni witiri na ni tasa.

Ni rahisi kuitamka sentensi hiyo, lakini kuithibitisha kulichukua karibu miaka 170.

Mtu anaweza kudhani kwamba kila bao la namna yetu litatoa namba tasa. Mashimo mawili yanatoa 3, ambayo ni tasa. Matatu yanatoa 7, tasa. Manne yanatoa 15, ambayo ni 3 × 5. Matano yanatoa 31, tasa. Sita yanatoa 63, si tasa. Saba yanatoa 127, tasa. Inaelekea kwamba idadi ya mashimo ikiwa tasa na jumla ya kete ni tasa. Nusu ya wazo hili ni kweli: idadi ya mashimo isipokuwa tasa, jumla haiwezi kuwa tasa kamwe. Nusu ya pili inavunjika kwenye mashimo 11, kwani 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89.

Mtaliano Pietro Cataldi alichapisha mwaka 1603 uthibitisho kwamba 2¹⁷ − 1, yaani 131,071, na 2¹⁹ − 1, yaani 524,287, ni tasa. Njia yake ilikuwa ya jasho: kugawanya kwa kila namba tasa ndogo, moja baada ya nyingine, mpaka kufikia kipeuo cha pili cha namba inayojaribiwa. Hakuna haja ya kwenda mbele zaidi, maana kama namba ina vigawo viwili, mmoja wao lazima uwe chini ya kipeuo chake cha pili au sawa nacho. Kisha Cataldi akadai, bila kuthibitisha, kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Mfaransa Pierre de Fermat akaonyesha mwaka 1640 kwamba kipeo cha 23 kinatoa namba inayogawanyika kwa 47, na cha 37 kinatoa inayogawanyika kwa 223. Mwaka 1738 Leonhard Euler, Mswisi, akakiondoa kipeo cha 29 kwa kigawo cha 233. Kati ya madai manne limebaki moja tu, nalo ni la namba yetu.

Jina ambalo namba hizi zinaitwa hadi leo ni la mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, ambaye mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo vinavyotoa namba tasa hadi kufikia 257. Orodha yake ilikuwa na makosa matano: aliingiza 67 na 257 visivyostahili, akaacha 61, 89 na 107 vilivyostahili. Kwa kipeo cha 31 alikuwa sahihi. Kuhusu 67 kuna masimulizi yanayopendwa na walimu. Mwaka 1903 huko New York Mmarekani Frank Nelson Cole aliwatolea wanahisabati wenzake mhadhara ambao, kwa mujibu wa masimulizi hayo, haukuwa na neno hata moja. Aliandika ubaoni thamani ya 2⁶⁷ − 1, akahamia upande wa pili, akazidisha kwa mkono 193,707,721 kwa 761,838,257,287, majibu mawili yakalingana, akakaa kitini. Sisi walimu wa lugha tunaweza kumwonea wivu.

Lakini kuonyesha kwamba namba si tasa ni kazi ya kupata kigawo kimoja. Kuonyesha kwamba ni tasa maana yake ni kuhakikisha kwamba hakuna kigawo chochote. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni zaidi kidogo ya 46,340, na chini yake kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Kwa njia ya Cataldi mtu angepaswa kugawanya mara zaidi ya elfu nne na mia saba, kwa mkono, bila kukosea hata mara moja. Euler, katika barua aliyomwandikia Bernoulli mwaka 1772, alionyesha kwamba sehemu kubwa kabisa ya kazi hiyo si ya lazima. Wakati huo alikuwa Saint Petersburg, Urusi, na alikuwa karibu kipofu kabisa.

Wazo lake linaeleweka kwa mfano wa juma. Leo ikiwa Ijumaa, baada ya siku saba ni Ijumaa tena, na baada ya siku 14, na 21. Mtu akikuambia kwamba baada ya siku kadhaa ilikuwa Ijumaa, unajua mara moja kwamba siku hizo ni kigawe cha saba. Sasa tuseme kuna namba tasa inayoigawanya 2³¹ − 1 bila baki; tuiite mgeni wetu. Chukua 1, 2, 4, 8 na kuendelea, kila mara ukigawanya kwa mgeni na kutazama baki tu. Baki linaanza kwa 1, na ukifika 2³¹ linarudi kuwa 1, kwa kuwa 2³¹ ni moja zaidi ya namba inayogawanyika kwa mgeni. Huo ndio mzunguko, kama juma la siku 31. Hauwezi kugawanyika katika mizunguko midogo, kwa sababu 31 yenyewe ni tasa. Fermat naye alikuwa amegundua kwamba kwa namba tasa yoyote isiyo 2, baki hurudi kuwa 1 pia kwenye kipeo kilicho pungufu ya namba hiyo kwa moja. Kwa hiyo ukimpunguza mgeni kwa moja, kinachobaki lazima kiwe kigawe cha 31. Na kwa kuwa mgeni ni witiri, akipunguzwa moja anakuwa shufwa, basi ni kigawe cha 62. Linganisha na ile namba ya mashimo 11: vigawo vyake 23 na 89 vyote viwili ni vigawe vya 22 vilivyoongezwa moja.

Euler aliongeza sharti la pili, ambalo uthibitisho wake ni mrefu mno kwa ukurasa huu: mgeni akigawanywa kwa nane lazima baki liwe 1 au 7. Masharti mawili yakiunganishwa, mgeni anaweza kuwa tu kigawe cha 248 kilichoongezwa 1 au kilichoongezwa 63. Chini ya 46,340 namba za namna hiyo, ukiacha 63 yenyewe, ni 372. Ondoa zile ambazo si tasa na zinabaki chini ya mia moja. Kutoka elfu nne na mia saba mpaka chini ya mia moja! Wa kwanza kujaribiwa ni 311: anaingia mara 6,905,092 na kuacha baki la 35. Wa pili ni 1,303, anaacha 226. Wa tatu ni 1,489, anaacha 199. Na hivyo hivyo mpaka mwisho, kila mmoja anaacha baki. Mwanafunzi mwenye kikokotoo na jioni moja ya nafasi anaweza kuikamilisha safari yote, na tunamhimiza afanye hivyo, maana ni nadra kupata uthibitisho wa kweli wa karne ya 18 unaoweza kuurudia mwenyewe mezani.

Namba yetu ikawa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana, na ikakaa na cheo hicho hadi karne ya 19 ilipokuwa imevuka nusu. Pamoja na cheo hicho ilizaa kitu kingine, na hapa jina la tasa linaanza kutuchekesha. Wagiriki wa kale walizipenda namba ambazo vigawo vyake, ukiiacha namba yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha namba ile ile. Sita ni 1 na 2 na 3. Ishirini na nane ni 1 na 2 na 4 na 7 na 14. Zinazofuata ni 496 na 8,128. Euclid alithibitisha kwamba bao letu linapotoa jumla iliyo tasa, jumla hiyo ikizidishwa kwa kete za shimo la mwisho hutoa namba ya namna hiyo. Kwa mashimo matatu, 7 × 4 ni 28. Kwa mashimo 31, 2,147,483,647 × 1,073,741,824 ni 2,305,843,008,139,952,128. Baadaye Euler alithibitisha kwamba namba za namna hii zilizo shufwa zote hutoka katika bao hilo, hakuna mlango mwingine. Kama iko hata moja iliyo witiri, hakuna mwanahisabati yeyote hadi leo aliyejua.

Tuziiteje kwa Kiswahili? Wengi watakimbilia namba kamili. Shida ni kwamba jina hilo lina mwenyewe tayari: ni namba zisizo na sehemu, zilizo chanya, hasi na sufuri. Mwanafunzi akiambiwa kwamba 28 ni namba kamili atajibu kwamba 27 nayo ni kamili, na atakuwa sahihi. Sisi tunapendekeza namba timilifu. Walimu wa sarufi tunalo neno hilo mikononi kila siku tunapofundisha hali timilifu ya kitenzi, ile ya -me-, na maana yake ya kutopungua na kutozidi ndiyo hasa inayotakiwa hapa. Wenzetu wenye neno bora zaidi walilete.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba timilifu hii itokanayo na kipeo cha 31 huenda ikawa ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopata kugunduliwa, kwa kuwa namba hizi ni za kustaajabisha tu bila kufaa kitu, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Alikosea mara mbili. Kuhusu kutafuta, Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha mwaka 1876 kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Mwaka 1883 padri wa Kirusi, Ivan Pervushin, akakileta kipeo cha 61 ambacho Mersenne alikisahau. Kufikia Oktoba 2024 zilikuwa zimepatikana 52 za aina hii, namba yetu ikiwa ya nane, na kubwa kuliko zote wakati huo ilikuwa na kipeo cha 136,279,841 na tarakimu 41,024,320.

Kuhusu kufaa, tutoe mfano unaotuhusu. Mtafiti anataka kuchagua sentensi mia mbili bila upendeleo kutoka katika mkusanyo wa magazeti. Kompyuta haijui kubahatisha. Inachofanya ni kuzidisha na kutazama baki. Kwa udogo wake ni hivi: anza na 1, zidisha kwa 3, gawanya kwa 7, chukua baki, rudia. Utapata 1, 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1 tena. Umepita kila namba kabla ya kurudia. Fanya hivyo kwa 8, isiyo tasa, na utapata 1, 3, 1, 3 mpaka uchoke. Njia iliyotumiwa sana tangu miaka ya 1960 huzidisha kwa 16,807, yaani 7 kwa kipeo cha tano, na kugawanya kwa 2,147,483,647. Hupita namba zote 2,147,483,646 bila kuruka hata moja kabla ya kurudia ya kwanza. Njia bora zaidi zimekwisha patikana, lakini kwa miaka mingi hii ndiyo iliyotegemewa, na iliwezekana kwa sababu Euler alikuwa sahihi.

Kwa nini wataalamu wa kompyuta waliichagua namba hii? Kwa sababu ilikuwa mlangoni mwao. Kompyuta huhifadhi namba kwa biti, kila biti ikiwa 0 au 1, kama shimo lililo tupu au lililojaa. Mashine nyingi zilitenga biti 32 kwa namba moja, kama mashimo ya bao. Namba zikihitajika kuwa chanya na hasi, 31 tu ndizo zinazobaki kwa upande wa chanya, na zote zikijaa namba iliyoandikwa ni 2,147,483,647. Kisima kimejaa hapo. Desemba 2014 idadi ya waliotazama wimbo wa Gangnam Style wa Mkorea PSY ilikipita kiwango hicho, na YouTube wakatangaza kwamba hesabu yao imehamishiwa kwenye biti 64.

Kujaa kwingine kuna tarehe. Mifumo mingi ya kompyuta hutaja wakati kwa kuhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na ile ya zamani huzihifadhi kwa biti 32. Iliyo mingi imekwisha badilishwa, lakini vifaa vidogo vilivyofichwa ndani ya mashine nyingine si rahisi kuvifikia. Sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne na sekunde saba za asubuhi; kwa wenzetu wa Kigali na Bujumbura ni saa kumi na moja alfajiri, dakika na sekunde zikiwa zile zile. Sekunde itakayofuata, mashine isiyobadilishwa itageuza alama ya chanya kuwa hasi na kusoma Ijumaa, tarehe 13 Desemba 1901.